Kadi Zisizo na Tarehe

Kadi mia moja na ishirini zilikuwa zimepangwa juu ya kabati langu, zimekunjwa, zimeshonwa, zimetiwa utepe, na hakuna hata moja iliyokuwa na tarehe ya harusi.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoninyima raha. Najua kuna watakaosema nilikuwa na wivu, au nilikuwa natafuta sababu ya kugombana. Waseme. Lakini hebu wewe uwe bibi harusi, umebakiza wiki tano, umekata karatasi mpaka vidole vimeota sugu, halafu mchumba wako anaandika kila kitu ndani ya kadi kwa mkono wake. Anaandika majina yetu wawili, anaandika ukumbi, anaandika saa, mpaka "karibuni nyote" ameiandika kwa madaha. Akifika kwenye tarehe, anaruka. Anaacha nafasi nyeupe pale, anachukua kadi nyingine. Ungelala usingizi wewe?

Wazo la kutengeneza kadi wenyewe lilikuwa langu. Mimi ni fundi cherehani, yeye ni mchora mabango. Mtaani wanamwita Brashi, na mimi aliniita Sindano tangu siku aliyoniletea suruali yake ya kazi niitie kiraka. Tukasema, mikono tunayo, kwa nini tukachapishe kadi zinazofanana na za kila mtu? Mimi nikate, nikunje, nishone pale kwenye mkunjo. Yeye aandike. Sasa, karatasi ngumu ukiipitisha kwenye cherehani lazima uweke mshono mrefu, la sivyo inachanika kwenye matundu kama stempu. Kumi za kwanza nilizitupa. Ya kumi na moja ikakaa. Brashi akaishika, akaigeuza huku na huku, kisha akaacha kuitazama kadi, akanitazama mimi, akanitazama weee mpaka nikaona haya, nikajifanya natafuta mkasi ambao nilikuwa nimeukalia.

Mama yake hakupenda.

"Kadi za kushona kwa cherehani?" aliuliza siku aliyokuja kuziona. "Mnaalika watu au mnawakatia magauni?"

Akacheka mwenyewe. Mama yule hanipendi, na hajawahi kujisumbua kuficha. Mwanawe wa pekee, mchapakazi, hanywi, havuti, anakwenda kuoa mwanamke aliyehamia mtaani miaka mitatu iliyopita na shangazi yake tu. Wazazi wamefariki, ndugu hawaonekani, picha za utotoni hakuna. "Huyu katokea wapi?" Hiyo ndiyo kauli yake kila nikitajwa.

Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyegundua habari ya tarehe. Alikuwa ananisaidia kufunga utepe, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua.

"Mbona hii haina tarehe?"

"Ataandika mwisho."

Akachukua nyingine. Akachukua ya tatu.

"Na hizi?"

"Zote ataandika mwisho, shangazi. Ndivyo kazi yao ilivyo. Anasema kwenye bango tarehe huandikwa mwisho, maana ndiyo kitu watu wanachobadilisha."

"Kwani hii yenu inabadilishwa?"

"Haibadilishwi! Si tumeipanga mbele yako?"

"Basi?"

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, na mimi namjua, akifuta miwani ujue anatafuta maneno ya kuniuma taratibu.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu. Ila mume wangu, Mungu amrehemu, alisahau jina la mama yangu siku ya harusi, akasahau viatu, akasahau pete nyumbani kwao. Tarehe hakuisahau."

Nikamtetea Brashi siku hiyo, na ya pili yake. Siku ya tatu nikamwekea kidole juu ya ile nafasi nyeupe.

"Na hapa je?"

"Hapo nataka wino mzito, Sindano. Huu mwepesi. Nitaleta."

Akaleta wino mzito. Siku hiyo mkono ukawa unamuuma.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza. Sijivunii, lakini ndivyo. Zamani simu yake ikilia anapokea hapo hapo kwenye kiti, anaongea kwa sauti ya kuniharibia mshono. Sasa ikilia anaitazama, anasimama, anatoka uani na kuurudisha mlango. Nasikia "ndiyo" na "bado" na "sijaandika." Akirudi, anatabasamu tabasamu fupi, ananigusa bega, anakaa. Na mimi, mjinga wa mapenzi, bega linabaki na joto la mkono wake huku kichwa kinauliza: anamwambia nani kwamba hajaandika? Nikajijibu mwenyewe. Yupo mwanamke. Yupo mahali, anahesabu siku, na Brashi bado hajaamua kati yetu ni nani.

Alhamisi nikampikia chakula cha mchana, nikampelekea kazini. Usinicheke, nilikwenda kupeleleza na bakuli mkononi. Karakana yake iko nyuma ya duka la vioo, mlango wa mabati haufungwi mchana. Alikuwa juu ya ngazi, amenipa mgongo, kitambaa cheupe kimetandazwa ukutani mbele yake. Chini alisimama mteja, mwalimu wa shule, mikono nyuma, anaangalia kazi.

"Mbona unaanza na tarehe, fundi?" mwalimu akauliza. "Jina la shule utaliweka wapi?"

"Tarehe ndiyo ya kwanza, mwalimu," Brashi akajibu, chaki mkononi, bila kugeuka. "Siku zote. Hiyo ndiyo inanipimia nafasi. Nikishaiweka, mengine yanajipanga yenyewe. Miaka kumi na miwili nafanya kazi hii, sijawahi kuandika tarehe mwisho."

Nikaliweka bakuli juu ya kopo la rangi, nikaondoka kwa vidole kama mwizi. Njia nzima sikumwona mtu, ingawa nadhani kuna watu waliniamkia.

Jumamosi alikuja saa sita mchana. Nilikuwa nimezishusha kadi zote, nimezitandaza mezani, zimefunguliwa, nafasi nyeupe mia moja na ishirini zinamtazama. Akasimama mlangoni. Alikuwa na doa la rangi ya buluu shingoni, chini ya sikio, na hata katika hasira zangu nilitaka kuchukua kitambaa nimfute. Ndiyo ubaya wa kumpenda mtu.

"Juzi uliniachia chakula ukaondoka," akasema.

"Ulikuwa na mteja."

"Ungesubiri."

"Nilisubiri, Brashi. Nilisubiri mpaka nikasikia kwamba tarehe ndiyo ya kwanza. Siku zote. Miaka kumi na miwili."

Akavuta kiti, akakaa. Jikoni vyombo vikaacha kugongana. Shangazi akitaka kusikiliza, haoshi hata kijiko.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nani nani?"

"Usinipige chenga. Huyo mwanamke."

"Hakuna mwanamke."

"Simu za uani unaongea na nani, na mafundi wenzako?"

"Naongea na mama."

"Mama yako unamtolea nje?"

"Siku hizi, ndiyo."

Nikamwangalia usoni. Brashi hajui kudanganya kwa macho, akidanganya huwa anaangalia mikono. Sasa aliniangalia mimi, na hilo likanitisha zaidi.

"Sema," nikamwambia.

"Utakasirika."

"Nimeshakasirika. Unaongezea tu."

Akakuna kichwa. Akachukua kipande cha utepe, akakizungusha kidoleni, akakizungusha tena.

"Mama aliniomba nisiandike tarehe mpaka arudi."

"Arudi kutoka wapi? Si nilimwona wiki iliyopita?"

"Alisafiri Jumatatu."

"Kwenda wapi?"

"Kule mlikokuwa mnaishi wewe na shangazi, kabla hamjaja hapa."

Sikuelewa. Au nilielewa, lakini masikio yalikataa kuyapokea.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza." Akaukaza utepe kidoleni. "Kukuulizia wewe. Ulikuwa nani, uliishi vipi, kwa nini mlihama. Alisema nimpe wiki moja tu. Asipokuta jambo, anarudi kukuita mwanawe na hatanyanyua mdomo tena maisha yake yote. Nikaona bora nimwache, roho yake itulie. Nilijua hatakuta kitu. Nilikosea, Sindano, najua."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka, kikazunguka sakafuni mpaka kilipochoka.

Sasa ngoja niseme ukweli, maana mpaka hapa nimejieleza kama malaika. Kulikuwa na jambo la kukuta. Kule tulikotoka niliwahi kuolewa. Miezi minane, na dereva wa lori aliyekuwa na maneno matamu, na asubuhi moja alinirudisha kwa shangazi na sanduku langu kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Karatasi ya talaka iko chini ya godoro la shangazi mpaka leo. Tulihama kwa ajili ya aibu ile. Na Brashi, miezi ya mwanzo, aliniambia mambo yake yote, wasichana wawili aliowapenda na yule aliyemliza, kisha akaniuliza, "Na wewe? Uliwahi kuolewa?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Sijawahi." Shangazi alinisifu nilipomsimulia. "Umefanya vizuri," alisema. "Akijua, atakuona nguo ya mtumba."

Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa pale, mbele ya mwanaume ninayempenda kuliko pumzi, nilijua vizuri mama yake atarudi na nini. Nilijua nitampoteza. Na badala ya kulia, nikachagua kufoka.

"Kwa hiyo mimi nashona kadi, wewe unasubiri taarifa yangu! Kama naomba kazi!"

"Sivyo."

"Ndivyo! Umekaa hapa, unakula kwangu, unanishika bega, kumbe unangoja uambiwe kama ninafaa!"

"Punguza sauti, shangazi atasikia."

"Shangazi amesikia tangu ulipoingia!"

Simu yake ikalia. Ilikuwa mezani, katikati ya kadi, na jina kwenye kioo tulilisoma wote wawili. Mama.

Mkono wake ukanyooka.

"Usipokee," nikasema.

"Sindano..."

"Andika kwanza. Kama unanitaka mimi, andika tarehe kabla hujasikia neno lake. Ukipokea kwanza, hata akinisifia kutwa nzima, kadi hizi nitazichoma moto hapo uani."

Unaona nilivyokuwa? Nilizungumza kama mtu aliyeonewa, na ndani nilikuwa napiga hesabu. Akishaandika, niliwaza, ataona aibu kufuta. Brashi ni mtu wa neno lake. Nitambana na mwandiko wake mwenyewe, na mama yake atabaki na maneno yake mdomoni.

Simu ikalia, ikalia, ikanyamaza.

Brashi akaitoa kalamu mfukoni, ile ya ncha pana. Akafungua kichupa cha wino mzito, akavuta kadi ya kwanza. Akaandika tarehe. Siku, mwezi, mwaka, taratibu, kama anavyoandika jina langu. Akaisogeza pembeni ikauke. Akaandika ya pili. Akaandika ya tatu, na hapo akasimamisha kalamu hewani, akaniangalia kwa yale macho yake ya upole ambayo ndiyo yaliyoniponza tangu siku ya kiraka.

"Nisamehe," akasema. "Nimekufanyia ubaya. Wewe hujawahi kunificha kitu hata siku moja, halafu mimi nakaa namwachia mama akuchunguze."

Ningeweza kuvumilia atukane. Ningeweza kuvumilia aondoke. Lile neno, kwamba sijawahi kumficha kitu, ndilo lililonishinda. Nikainua macho. Shangazi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani, ananitikisia kichwa. Nyamaza, alikuwa ananiambia bila sauti. Nyamaza, mwanangu, ameshaandika.

Simu ikalia tena. Safari hii mimi ndiye niliyeiwahi. Nikaibana kifuani kwa mikono miwili, ikawa inanitetemekea kwenye mbavu.

"Brashi, weka kalamu chini."

"Si umesema niandike?"

"Weka chini. Mama yako amekuta jambo. Nataka ulisikie kwangu."

"Jambo gani?"

"Niliwahi kuolewa."

Shangazi akasema "Yesu wangu" au "Mola wangu," sikumbuki, akarudi jikoni na kujirudishia mlango. Simu ikanyamaza. Brashi hakusogea. Wino ulikuwa unakusanyika kwenye ncha ya kalamu, na aliutazama huo wino badala yangu.

"Uliniambia hujawahi."

"Nilikudanganya."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minane. Tulikaa miezi minane, halafu..."

"Siulizi ndoa. Nauliza umenidanganya kwa muda gani."

"Mwaka mmoja na nusu. Tangu siku ile uliyoniuliza." Machozi yakaanza, na nilijichukia, kwa sababu sikutaka anihurumie. "Niliogopa. Ulikuwa unanitazama vizuri sana, Brashi. Niliogopa utaacha kunitazama hivyo."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaishia. Nilisubiri aseme kwaheri. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitaanzaje kuishi bila hatua zake mlangoni jioni.

"Kadi zake aliandika nani?" akauliza.

"Kadi gani?"

"Za harusi hiyo. Mwandiko ulikuwa wa nani?"

Mungu wangu, katika mambo yote ya kuuliza! Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia hasa, na ndipo nilipojua kwamba bado ananipenda na kwamba nimemkata pabaya.

"Hazikuwepo," nikamwambia. "Hakutaka watu. Tulikwenda ofisini na mashahidi wawili, mmoja tulimwokota hapo hapo kwenye foleni. Hakualikwa mtu yeyote. Hata shangazi aliambiwa baadaye."

Simu ikalia mara ya tatu. Brashi akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikampa. Akapokea hapo hapo kwenye kiti.

"Mama... Ndiyo... Ndiyo, najua." Kimya. Sauti ya mama yake, nyembamba na kali, ilikuwa inatoka kwenye simu, na mimi nilitamani sakafu inimeze. "Ameshaniambia... Hapana, mwenyewe, sasa hivi, kabla sijapokea... Mama, nimesikia... Nimesikia, mama. Tutaongea ukirudi. Safiri salama."

Akaizima simu kabisa, akaiweka chini ya kiti. Kisha akashika kalamu.

"Nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Hujui. Nina hasira mpaka siwezi kukuangalia. Usinisemeshe."

"Sawa."

"Na hizi zikiisha utaniambia yote. Jina lake, mlikaa wapi, alikufanya nini. Yote. Ukificha hata moja, nitajua."

"Nitakuambia yote."

"Lete kadi."

Nikamsogezea. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Yeye anayesimama juu ya ngazi na kuchora herufi kubwa kuliko mtu, mkono ulimtetemeka juu ya kadi ndogo ya mchumba wake. Akaandika hivyo hivyo. Siku ikakaa sawa, mwezi ukaanza kupanda, mwaka ukaenda kuishia juu karibu na mshono wangu.

"Imepinda," nikasema, nikasahau kwamba nimekatazwa kuongea.

"Naona."

"Nikukatie nyingine?"

"Acha." Akaipuliza wino ukauke, akaikunja, na ndipo akaniangalia, macho mekundu, doa la buluu bado liko shingoni. "Hiyo tutampa mama."